Tupeane uzoefu: bangili za lastiki, unaipataje saizi ya mkono usiouona?

Mwanzisha mada

Habari za jioni wapendwa. Naongea na wenzangu tunaotunga bangili za shanga kwa lastiki, wa biashara na wa kujifurahisha. Wateja wangu wengi sionani nao. Oda inaingia WhatsApp, mzigo unapanda basi la Mbeya au Mwanza, na nikiuliza saizi naambiwa, "Ya kawaida tu, dada." Kawaida ya nani? Kuna binti ana mkono wa sm 14 na kuna baba ana sm 20, na kila mmoja anajiona ndiye wa kawaida.

Mimi siku hizi siulizi saizi, naomba kipimo. Mteja anachana kipande chembamba cha karatasi, anakizungusha pale bangili itakapokaa, anatia alama ya kalamu karatasi inapokutana, halafu anakilaza kando ya rula na kunipigia picha. Uzi wa sufu siukubali kabisa, unavutika. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mtunga shanga, Tanga

Dada, kipimo cha karatasi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni unene wa shanga, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

Nilipata oda ya kitchen party. Bibi harusi mtarajiwa alitaka mashangazi wavae shanga nene za mbao, mm 12, na mabinti wavae ndogo za mm 4. Wa pande zote mbili mikono yao ilikuwa inakaribiana, wengi sm 16. Aliyekuwa analipa akasisitiza, "Zote piga sm 18, yaishe." Nikamtungia mbili za mfano, zote sm 18 kwenye rula, nikamwambia avae mwenyewe. Ya mm 4 ilicheza vizuri mkononi. Ya mm 12 ilibana hadi lastiki ikaonekana kati ya shanga na shanga. Hakubisha tena.

Sababu ni kwamba rula inapima mstari unaopita katikati ya matundu, ila mkono unakaa upande wa ndani. Shanga zikizidi unene, nafasi ya ndani inapungua. Kanuni yangu: kipimo cha mkono, jumlisha unene wa shanga mara tatu. Kwa mkono wa sm 16:

shanga za mm 4: 16 + 1.2 = 17.2, yaani shanga 43
shanga za mm 8: 16 + 2.4 = 18.4, shanga 23
shanga za mm 10: 16 + 3 = 19, shanga 19
shanga za mm 12: 16 + 3.6 = 19.6, hapo zinaingia 16 au 17, mie naweka 17

Hiyo ni ya kukaa vizuri bila kubana. Anayependa ining'inie kidogo, muongezee nusu sentimita hadi moja. Ukichanganya shanga nene na nyembamba, piga hesabu kwa zile nene kama ndizo nyingi. Yakiwa mapambo mawili matatu tu, hesabu kwa zile za kawaida, mapambo yatajitafutia nafasi.

Muuzaji wa Arusha

Mkuu wa Tanga umemaliza, ila mimi hesabu huwa naziachia calculator ya simu na kuhakiki kwa makopo. Nina chupa na makopo niliyoyazungushia futi ya fundi cherehani: moja lina sm 16, lingine 17.5, lingine 19. Nikimaliza kutunga, kabla ya kufunga fundo, naivalisha kopo la saizi ya mteja. Ikiacha pengo au lastiki ikichungulia, naongeza shanga. Ikizunguka yenyewe, natoa moja.

Wateja wangu wengi ni wanaume na wageni wanaotoka mbugani. Kwa wanaume naanzia sm 17 hadi 20. Bangili za Kimasai za ngozi hazinipi presha, nyingi zina vifungo, mteja anasogeza mwenyewe. Za lastiki hazina msamaha.

Mwanamke wa Mombasa

Salaam aleikum. Mie nataka kusema juu ya lastiki yenyewe, maana unaweza kupiga hesabu zako sawasawa na baada ya siku chache mwenyewe akaja akwambia imekuwa kubwa. Lastiki mpya hulegea. Kabla ya kutunga, kata kipande kirefu, shika ncha zote mbili, vuta polepole, achia, vuta tena mara kadhaa. Ikishatulia ndipo utunge.

Kwa shanga za mm 6 na 8 natumia lastiki ya mm 0.7 au 0.8. Kwa nzito za mawe, mm 1, tundu likiruhusu. Fundo langu nazungusha mara mbili badala ya moja, nakaza, narudia upande wa pili, kisha navuta fundo liingie ndani ya tundu la shanga.

Zile gundi kali za kubandikia viatu msiziweke hapo. Lastiki inakauka kama ukucha na inakatika palepale penye fundo.

Fundi wa nyumbani, Dodoma

Kipimo kichukuliwe jioni, hasa kwa wajawazito. Asubuhi mkono umenywea.

Mama wa mapacha

Na watoto? Nauliza kwa sababu jirani ananisumbua nimtungie mwanawe wa mwaka mmoja.

Mtunga shanga, Tanga

Mama, chini ya miaka mitatu mie sitengenezi, hata anilipe mara mbili. Lastiki ikikatika shanga zote zinaenda mdomoni. Wa shule ya msingi sawa, pima mkono wake huyo huyo, usikisie kwa umri. Nimeona wa darasa la pili ana mkono mnene kuliko wa darasa la tano.

Mgeni wa mada

Mteja wangu hana rula wala futi, ila ana bangili ya zamani inayomkaa vizuri. Inasaidia?

Muuzaji wa Arusha

Inasaidia sana. Mwambie azihesabu shanga na akutumie picha. Tuseme ziko 22 za mm 8, urefu ni sm 17.6. Toa 2.4, inabaki 15.2, hiyo ndiyo nafasi ya ndani anayoipenda. Sasa anataka za mm 10? Ongeza 3, unapata 18.2, mpe shanga 18. Akisema "zitungie 22 kama ile", mkatalie kwa upole.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Na vikuku vya mguuni mnavipimaje, kwa kanuni hiyo hiyo?

Mwanamke wa Mombasa

Kipimo ni hicho hicho, ila lastiki mguuni mie siweki. Kila akivaa lazima ipite kisigino, na kisigino kinaivuta hadi inachoka. Natunga kwa waya laini, naweka kishikizo na kicheni cha sm 3 hivi nyuma, mwenyewe achague tundu.