Bwana Theluji kaizamisha gari yangu topeni, na mkwe wangu KACHEKA

Asalam alaykum wana barza. Naandika hapa nina tope mpaka kiunoni na sijaoga bado, herufi zikipinda mnisamehe.

Yule bwana mnamjua. Simtaji, mama yake ni jirani yetu, na wala hakuna haja, kila Disemba akishuka tu boti mji mzima una habari, maana yeye hasalimu, yeye anakwambia "nyie mnalalamika joto, sie kule minas thelathini". Kule ndo Kanada. Akikuta watu wanakunywa kahawa Jaws Corner atakwambia kule kahawa inaganda kikombeni, akiona mtoto anamumunya barafu ya ukwaju atakwambia kule mtaa mzima uko hivyo.

Sasa leo. Harusi ya upande wa mke wangu, shamba huko Unguja Ukuu, na vuli imenyesha usiku kucha. Gari mbele kakaa mamamkwe wangu, nyuma sufuria la biriani na huyu bwana, kajipakia tu ati gari aliyokodi ina pancha. Tulipopita Tunguu akaanza, nipe mie, mie naendesha kwenye theluji ya magoti, tope ni kitu gani. Mkwe akasema mpe mwanangu, mgeni huyo. MGENI!! Kazaliwa Kikwajuni! Nikahamia nyuma, gari yangu mwenyewe, nimepakata biriani ya moto kama mtoto mchanga.

Wasioijua gari yangu, ni haibridi, petroli na umeme, tena fowili, yaani matairi yote manne yanasukuma, mbele injini na mota, nyuma ina mota yake peke yake, hakuna shafti inayopita chini, ni umeme tu. Na imetoka Hokkaido. Narudia, HOKKAIDO. Nilipoitoa bandarini nilikuta brashi ya kukwangulia theluji kwenye buti, mke wangu sasa hivi anatolea utando wa buibui darini. Chini ina kutu ya ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Ina swichi ya kuyeyusha barafu kwenye waipa. Kila asubuhi nikiwasha inanisemesha Kijapani. Kwa hivyo baina ya gari na yule bwana, aliyeona theluji nyingi ni gari.

Kitu cha kwanza kubonyeza, swichi ya kupasha viti moto. Wallahi. Mwezi wa 12, Unguja hii. Mkwe akaruka, "mwanangu mchuzi umenivujia huku", sie tunatafuta mchuzi kumbe kiti kinamkaanga. Kufika kwenye tope akabonyeza ile yenye alama ya theluji, akaingia taratibuuu kama anakanyaga mayai, huku anasomesha, "kwenye theluji huendi kwa papara". Ile swichi kazi yake ni kuipooza gari matairi yasizunguke ovyo, na tope la pale linataka mwendo, ukisimama umekwisha. Basi akasimama. Katikati. Ati amuoneshe mkwe picha kwenye simu, gari ilivyofukiwa na theluji mpaka vioo. KASIMAMA TOPENI KUONESHA PICHA.

Gari ikatitia mpaka chini ya milango. Akavua viatu vyake vyeupe, akateremka, akaizunguka, akaweka mkono kiunoni, watu wa harusi wote wamejipanga wanatizama, akasema: "Tatizo hii fowili ya kimaskini."

Fowili ya kimaskini. Mkwe wangu akacheka. Si kutabasamu jamani, kucheka, buibui likamvuka, akashika mlango asianguke. Miaka 6 namchukua yule mama sokoni, mazikoni, hospitali usiku wa manane, hajawahi kucheka kwa neno nililosema mie.

Tulitolewa na gari ya ng'ombe, mzee kachukua 20,000. Nani kalipa? Mie. Yeye alikuwa anarekodi vidio. Na mkwe bado anacheka, tumefika kwenye harusi anawahadithia wenziwe, "fowili ya kimaskini", anafuta machozi na kanga.

Nimemaliza. Semeni nyie.

Chawa_wa_Darajani: Nimesoma yote, swali moja tu. Ufunguo alikupora au ulimpa kwa mkono wako?

BintiMwera: "nimepakata biriani kama mtoto mchanga" 😂😂😂 mie mbavu sina tena

Mkubwa Kibatari: Yakhe kwani uongo? Gari imevutwa na ng'ombe mmoja. Ng'ombe ndo ana fowili ya kweli, miguu minne na yote inasukuma.

Mzee wa Göteborg: Nipo Sweden mwaka wa 14, nawaambieni, hata huku fowili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Nawaona wenye magari makubwa ya fowili kila mwaka wako mtaroni, huku kigari kidogo chenye matairi mazuri kinapita kinawapungia. Kazi yote ni tairi, mpira wa tairi la baridi haukakamai ikishuka chini ya nyuzi 7. Tena huku ni sheria, kuanzia tarehe 1 Disemba mpaka 31 Machi barabara ikiwa na barafu. Mtoa mada, tairi zako zikoje?

Mwenye uzi: Zina upara kidogo. Lakini hiyo si mada, mada ni mkwe kacheka.

Mzee wa Göteborg: Kidogo.

Chawa_wa_Darajani: Upara "kidogo" ndo kama wa babu yangu.

Sharifa_K: Yule si yupo Toronto? Huko hata sheria ya matairi ya baridi hawana, ilipo ni Quebec, wifi yangu yuko Montreal huko huko, ikifika tarehe 1 Disemba huna unapigwa faini. Na nyie nani kawaambia ana gari kule? Wifi kakaa kwake wiki mbili, walipanda basi mwanzo mwisho. Ile gari kwenye picha ya jirani.

Mwenye uzi: YA JIRANI???

Mwenye uzi: Yaani gari yangu imezama kwa sababu ya picha ya gari ya JIRANI na mkwe kacheka

Mkubwa Kibatari: Ushasema mkwe kacheka mara ngapi, tumeshajua yakhe, mama anacheka vizuri.

Fundi Swichi: Kaka acha mkwe, gari umeiosha chini? Ule waya mnene wa rangi ya chungwa unaokwenda mota ya nyuma, kule chumvi ya barabarani inaula, huku ya bahari inaula vilevile, na Unguja Ukuu pale ni mikoko na maji chumvi. Iangaliwe, na usiuguse mwenyewe, umeme wake haubipu, unapiga moja kwa moja. Nyengine, biriani ilimwagika?

Mwenye uzi: Mchuzi kidogo, kiti cha nyuma.

Fundi Swichi: Upande gani? Chini ya kiti hicho ndo ipo betri kubwa na tundu la kuvutia hewa. Mchuzi ukiingia kwenye feni betri itachemka.

BintiMwera: Betri itanukia hiliki 😭😭

Mpemba_wa_Konde: Nyie Unguja nchi tambarare kama chapati na bado mnazama. Njooni Pemba kwenye vilima tuwaoneshe mvua, tope la njia za mikarafuu halitaki swichi, linataka dereva.

Chawa_wa_Darajani: Mpemba kila uzi lazima aingize karafuu.

Mpemba_wa_Konde: Na nyie kila uzi mmezama. Juzi Mwanakwerekwe, leo Unguja Ukuu.

Bi Mkubwa Tupu: Bora huyo wa Kanada kaja na picha. Mie wangu wa London anakuja na masanduku matatu matupu, anaondoka nayo yamejaa dagaa, bizari na madera yangu, halafu ananiachia chokleti zimeyeyuka.

Sharifa_K: Wa Oman je? Wangu kaniletea halua kutoka Muscat. Halua! Zanzibar!

Bi Mkubwa Tupu: 😂😂 haki ya Mungu hao wanatuchezea

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada, namwambia nini yule bwana, kesho yupo tena kwenye kombe la harusi

Ustadhi Mpole: Samahani, harusi ni ile ya Ijumaa hii Unguja Ukuu? Maana mie nilikuwepo. Biriani imekuja imepoa, nyama ngumu, na wali una vumbi la barabarani.

Mke wa Mtu: Wewe Ustadhi, biriani hiyo kapika shangazi yangu na ulikula sahani mbili, nilikuona.

Ustadhi Mpole: Mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa kachumbari tupu.

Mke wa Mtu: Na wewe mwenye uzi, nimeujua mwandiko wako. Njoo nyumbani uoge. Mama bado yupo.

Mkubwa Kibatari: Anacheka?

Mke wa Mtu: Anacheka.

Mpemba_wa_Konde: Huyo mzee wa ng'ombe anapatikana wapi? Nina mawe ya msingi nataka yabebwe Bungi, wenye malori wananitajia bei za wazimu.