Tupeane uzoefu: unatumia kivinjari (browser, programu ya kufungulia tovuti) gani, na nini kilikufanya uhame cha zamani?

Wakuu, habari za leo. Mimi nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini: kuchapa, kutoa kopi, kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Kila wiki nakutana na mtu anayelaumu simu au mtandao, kumbe tatizo ni kivinjari. Naomba kila mmoja aseme anatumia kipi, kwenye kifaa gani, na kwa nini alihama.

Naanza mwenyewe. Kompyuta yangu ya kwanza ni ya Windows 7. Kivinjari nilichokizoea kiliacha kutolewa matoleo mapya kwa Windows hiyo, nami nikapuuza kwa sababu kilikuwa bado kinafunguka. Baada ya miezi tovuti zikaanza kugoma moja moja. Mara picha ya pasipoti haipandi, mara kitufe cha kutuma hakibonyezeki. Siku moja akaja binti kutoka Ilagala kuomba mkopo wa chuo, zikiwa zimebaki saa chache dirisha lifungwe. Tulihangaika mpaka jioni, mwishowe tukamalizia kwenye simu ya jirani. Yule binti alikuwa analia. Usiku ule nikaweka Firefox toleo la 115, ambalo ndilo la mwisho kwa Windows 7, nikaanza kudunduliza pesa ya mashine nyingine. Tangu hapo, kabla sijagusa fomu ya mtu, naangalia kwanza kivinjari ni toleo la lini.

Wa Ujiji:
Mimi na Opera Mini tumetoka mbali. Nilianza nayo kwenye kitochi cha Java, vocha ya mia tano unasoma habari wiki nzima. Siri yake ni kwamba ukurasa hauji kwako moja kwa moja. Unapitia kwanza kwenye seva za Opera, unabanwa, halafu unaletewa ukiwa mwepesi. Mpaka leo nasomea nayo magazeti. Lakini mambo ya benki siyafanyi kwenye hali ya kubana sana: ukurasa unakuwa umepitia mikono ya mtu wa kati, na fomu zenye hatua nyingi zinachanganyikiwa. Huko natumia Chrome. Kusoma kwake, pesa kwake.

Mwanafunzi, Kasulu:
Simu yangu ina GB 16 tu, na nilikuwa na vivinjari vinne nikidhani kimoja kikikataa kingine kitakubali. Fundi mmoja akanieleza kwamba Chrome, Edge, Brave, Opera ya kawaida na Samsung Internet zote zimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium, kwa hiyo tovuti ikigoma kwenye moja mara nyingi itagoma na kwa ndugu zake. Firefox ndiyo yenye injini yake ya kusoma kurasa, Gecko. Nikafuta vitatu, nikabaki na Chrome na Firefox. Nafasi ikapatikana, picha za mdogo wangu zikaingia.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi:
Mie nilidhani simu ina virusi. Kila dakika ujumbe unashuka juu: simu yako imeambukizwa, bonyeza hapa. Nilikaribia kuiuza. Mtoto wa dada akaingia kwenye Mipangilio ya kivinjari, akafungua Arifa, tukakuta tovuti kumi na kitu nilizokuwa nimeziruhusu bila kujua, zile unazobonyeza "Ruhusu" ili kidirisha kikuondokee mbele. Akazizima zote. Kimya! Halafu akaniwekea Firefox na uBlock Origin ya kuzuia matangazo, maana Chrome ya simu haikubali viongezi, yaani programu ndogo za kupachika kwenye kivinjari. Bando la wiki nililokuwa namaliza Alhamisi sasa linafika Jumapili. Jamani, kagueni hizo arifa leo leo.

Msafiri wa treni:
Mie nikisafiri kwenda Tabora napakua kurasa kwenye Chrome kabla sijatoka nyumbani. Porini mtandao ukikata, nasoma tu.

Mama wa Gungu:
Naomba mnisaidie wanangu. Niliingia barua pepe yangu kwenye kompyuta ya duka fulani, ikauliza kama ihifadhi nywila, nikakubali. Baada ya siku mbili mtu akasoma barua zangu za kikundi cha kukopeshana. Sasa naogopa hata kufungua.

Mwenye uzi:
Pole sana mama. Badilisha nywila kwa simu yako mwenyewe, kisha ingia kwenye akaunti, sehemu ya usalama, uangalie vifaa vilivyoingia. Usichokitambua, kitoe. Dukani kwangu kila mteja namfungulia dirisha la hali fiche (incognito), na akimaliza nalifunga mbele ya macho yake. Hapo historia na akaunti alizoingia hazibaki kwenye kivinjari, ila faili alizopakua zinabaki, lazima zifutwe. Ila lisikudanganye: mtandao unaotumia bado unaona tovuti ulizotembelea.

Mama wa Gungu:
Asante mwanangu. Na hiyo hali fiche, inapunguza MB?

Mwenye uzi:
Hapana mama, inaweza hata kuzidisha kidogo. Dirisha la kawaida hutunza picha za tovuti uliyokwisha kuifungua, hili linaanza upya kila mara. Kwenye simu yako mwenyewe tumia la kawaida. La fiche liwe la kompyuta za watu.