Mjadala: Stadi za kuishi na watu zitahiniwe shuleni?

Ndugu wadau, naleta hoja. Wapo wanaosema shule ibaki na masomo tu, mengine mtoto atayapata kwao. Wapo pia wanaotaka kusikiliza, kushirikiana, kusuluhisha ugomvi na kuomba msaada viwe somo kamili, lenye mtihani na alama kwenye ripoti. Mimi siko na hawa wala wale.

Nianze na wa masomo tu. Marekani kuna mtihani uitwao GED, wa walioacha sekondari kabla ya kumaliza. Anayefaulu hupewa cheti kinachohesabiwa sawa na cha mhitimu. Mchumi James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, aliwachunguza watu hawa pamoja na wenzake, akakuta kwamba kwa uwezo wa kujibu mitihani hawakupishana sana na wahitimu wa sekondari wasioendelea na chuo. Kwenye kipato, hata hivyo, walikuwa karibu zaidi na wale walioacha shule bila cheti chochote. Kilichowapungukia kilikuwa mambo ambayo karatasi ya mtihani haiyaoni, kama uvumilivu na kujituma. Ni kweli, uvumilivu na kujua kuishi na watu si kitu kimoja, lakini dai kwamba alama zinatosha halisimami tena.

Kuna hofu kwamba muda wa masomo utaliwa. Naielewa, kwa sababu nafundisha hesabu na vipindi havitoshi. Lakini mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa programu 213 za kufundisha stadi za kijamii na kihisia shuleni, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000. Waliofundishwa walipanda kimasomo: mwanafunzi wa kati, anayewapita wenzake 50 katika kila 100, alifikia kuwapita 61 hivi. Sishangai. Mtoto anayeogopa kuchekwa hanyooshi mkono kusema hajaelewa, na asiyeelewa sehemu leo, milinganyo ya kesho itampita.

Sasa nyie mnaotaka mtihani. Mwaka mmoja niliamua kutoa alama za ushirikiano kwenye kazi za vikundi. Nilipita na karatasi yangu, nikaandika. Waliopata nyingi ni waliosema sana. Kulikuwa na binti mmoja mkimya, nikampa 4 kati ya 10. Baada ya kipindi nikamkuta amebaki na mwenzake aliyekuwa ameachwa nyuma na kikundi kizima, anamwelekeza taratibu, bila kumfanya ajione mjinga. Katika darasa lile yeye ndiye aliyekuwa ameona kwamba mtu kaachwa. Alama ile inaniuma mpaka leo, maana aliisoma na aliiamini.

Wala tatizo halikuwa langu peke yangu. Kwenye PISA ya 2015, mtihani wa kimataifa wa vijana wa miaka 15, walipima utatuzi wa matatizo kwa ushirikiano. Wanafunzi walishirikiana na wahusika wa kompyuta, si binadamu, ili kila mtahiniwa apate mazingira yanayolingana. Kwa mtihani, sababu hiyo ni nzuri. Lakini kompyuta hainuni, haioni haya, wala haikumbuki uliyoisema jana mbele za watu.

Ninachotaka ni stadi hizi zifundishwe ndani ya masomo yenyewe: mwanafunzi arudie hoja ya mwenzake kwa usahihi kabla ya kuipinga, kazi ya kikundi igawanywe ili asiwepo anayebebwa, na mwalimu amweleze kila mmoja kwa mdomo alichokiona. Kutia alama tuache, kwa sababu mtoto akijua anapimwa upole, ataigiza upole.

Wa upande wa mtihani, nijibuni hili: yule binti mngempimaje, wakati alichokifanya alikifanya akidhani hakuna anayemtazama?