Mahindi ya Bt na afya ya watoto: hatari iko wapi hasa?

Mhudumu wa Kitui ameuliza:
Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Tangu Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoondoa marufuku ya vyakula vya GMO, yaani vilivyotokana na viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, mwezi Oktoba 2022, hakuna kikao cha akina mama ninachohudhuria bila kuulizwa iwapo mahindi ya GMO, kama haya ya Bt, yatawaletea watoto saratani. Juzi mama mmoja alinionyesha punje kubwa, nyeupe pepe, alizonunua sokoni, akashikilia kwamba ni za GMO, kwa kuwa za shambani kwake ni ndogo na zimetobolewa na wadudu. Sikuwa na jibu. Nisingependa kuwatisha watu bure, wala kuwatuliza kwa jambo nisilolijua.

Mkaguzi wa Nafaka amejibu:
Ndugu Mhudumu, ukubwa wa punje si ushahidi; mbegu chotara za kawaida huzaa punje za namna hiyo. Hofu ya saratani ilichochewa zaidi na utafiti wa panya wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa, uliotoka Septemba 2012 na kutajwa Kenya ilipopiga marufuku miezi miwili baadaye. Jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka 2013, kwa kuwa kila kundi lilikuwa na panya 10 tu, tena wa aina ambayo hupata uvimbe kwa wingi wanapozeeka, hata wakilishwa chakula cha kawaida. Mwandishi alipinga uamuzi huo na kuuchapisha upya kwingine.

Mahindi ya Bt yana kinasaba cha bakteria wa udongoni, kinachotengeneza protini ya kumuua bungua, yule mdudu anayetoboa mahindi, kwa kunasa kwenye utumbo wake. Utumbo wa binadamu hauna mahali pa kunasia protini hiyo, nayo humeng'enywa kama protini nyingine. Mimi ningehofia zaidi zile punje zilizotobolewa. Pale alipotoboa bungua ndipo ukungu wa fusari hupenya na kuacha fumonisini, sumu inayohusishwa na saratani ya umio na kasoro za uti wa mgongo kwa watoto walio tumboni, na mahindi ya Bt kwa kawaida hupatikana na kiasi kidogo zaidi cha sumu hiyo. Hata hivyo, mbegu haiwezi kumwokoa anayehifadhi mahindi yasiyokauka vizuri. Mwaka 2004, huko kwenu na Makueni, sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu mwingine) iliwapata watu 317 na kuwaua 125, na mahindi yale yalikuwa ya kawaida kabisa.

Mama Shamba amejibu:
Nakubaliana na Mkaguzi kuhusu sumukuvu, ila asitufungie mjadala mapema. Kila zao lina maswali yake. Soya iliyopewa kinasaba cha njugu za Brazili iliachwa baada ya vipimo vilivyochapishwa mwaka 1996 kuonyesha kwamba ingewadhuru wenye mzio wa njugu hizo. Mwaka 2000, nchini Marekani, mahindi ya StarLink, yaliyoidhinishwa kwa mifugo pekee, yalikutwa ndani ya chakula cha watu. Uchunguzi wa damu za waliolalamika haukuthibitisha kwamba ndiyo yaliyowadhuru, lakini kizuizi chenyewe kilikuwa kimeshavunjika, tena katika nchi yenye maabara tele. Kanuni zetu za mwaka 2012 zinadai lebo chakula kinapozidi asilimia 1 ya GMO. Sasa nani ataibandika lebo hiyo kwenye gorogoro la muuzaji wa sokoni? Vilevile, mazao ya GMO yanayostahimili dawa ya magugu yasichanganywe na Bt katika mjadala huu, kwa sababu hapo swali huwa ni ile dawa inayobaki kwenye chakula na inayompata mnyunyizaji.

Mhudumu wa Kitui:
Asanteni nyote wawili. Mama Shamba, hilo la gorogoro limenigusa, maana akina mama wengi hununua hivyo hivyo. Je, kuna namna ya kupima ukavu wa mahindi bila mashine?

Mkaguzi wa Nafaka:
Ipo. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, uijaze mahindi hadi robo, utie chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, ufunge na kutikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudishwe juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Isipoganda, yamepungua chini ya hapo, ingawa ghalani tunataka yasizidi asilimia 13.5, kwa hiyo siku moja zaidi ya jua haidhuru.