Shaba juu ya mkaa kwenye kemia ya kliki (kuunganisha molekuli mbili haraka na kirahisi), faida yake nini?

mtoto_wa_ujiji: Wakuu, nafundisha kemia huku Kigoma, azidi (yenye nitrojeni tatu mfululizo) na alkaini (yenye kaboni mbili za bondi tatu) kuungana kuwa triazoli, pete yenye nitrojeni tatu, kwa kichocheo cha shaba naelewa, ile ya Nobel 2022, sasa kuipachika shaba kwenye mkaa au silika (madini ya mchanga) ya nini?

nyuki_tbr: Mkuu shaba ikiyeyuka kwenye mchanganyiko inabaki kwenye mzigo wako uliotengeneza, na kama unatengeneza dawa kuitoa ni kazi kwelikweli. Ikishikwa na mkaa unachuja tu unaitumia tena, vichocheo vingine vya hivi vinapiga kazi kwenye maji kabisa. Hata kaitosani ya maganda ya kaa inaishika.

mtoto_wa_ujiji: Dagaa je? 😂

nyuki_tbr: Dagaa ana ganda gani kaka 😂 Ila shaba hubanduka kidogokidogo, upime kama ipo kwenye ulichochuja.

mama_maabara: Na azidi ndogondogo zinalipuka, msijaribie darasani jamani.