Mjadala: Tuendelee kuzalisha na kuuza pagi kwenye joto hili?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu yuko Mbezi, mwaka jana alinunua pagi, yule mbwa mdogo mwenye uso bapa na mkia uliojiviringa. Februari umeme ukakatika saa saba mchana, feni zikazima. Nilimkuta mbwa kajilaza kwenye malumalu, ulimi umegeuka zambarau, anakoroma huku macho yako wazi. Tukamfunika kanga iliyolowa maji, tukamkimbiza kwa bajaji. Daktari alipompima akasoma nyuzi 41 na pointi, wakati mbwa mzima hukaa kwenye 38 na 39. Alipona, ila usiku ule sikulala.

Uholanzi sheria ya kuzuia kuzalisha wanyama kwa namna inayowaumiza ilianza 2014, na mwaka 2019 wakaweka kipimo: mbwa ambaye pua yake haifiki takribani theluthi ya urefu wa fuvu hazalishwi. Pagi yumo. Kule kuna baridi ya kugandisha mifereji. Sisi wa Dar tunasubiri nini? Mimi nasema tusitishe.

Mama Karanga
Pole kwa dada, lakini umeanza na marufuku kabla ya kuuliza anavyotunzwa. Karanga wangu ana miaka sita, tuko Tabata, hajawahi kulazwa. Matembezi ni kabla ya saa moja asubuhi, basi. Mchana yuko ndani, maji yapo, na siku umeme ukikatika kuna chupa ya maji ya barafu nimeizungushia taulo. Situmii mkufu wa shingoni, natumia mkanda wa kifuani. Mikunjo ya uso naifuta kila siku kwa pamba yenye maji kidogo, halafu nakausha, maana ukiacha unyevu pananuka na ngozi inachubuka. Na simpi makombo! Pagi anakula mpaka sahani ilie, ukimwonea huruma atafika kilo 12 wakati anatakiwa awe na 6 mpaka 8. Mbwa mnene wa aina yoyote atahema.

Mpangaji
Mimi mwenye nyumba wangu hataki hata kuku. Nasoma tu.

Daktari wa Mifugo, Arusha
Mama Karanga, ungekuwa mteja wangu ningekupigia makofi, hayo yote ni sahihi. Lakini matunzo hayarefushi pua. Mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Hewa inapita puani na mdomoni, unyevu unakauka, damu inapoa. Kwa pagi mfupa wa uso umefupishwa, ila nyama za ndani hazikupungua kwa kiwango hicho. Ulimi ni uleule, kaakaa laini, yaani ile nyama ya nyuma ya paa la mdomo, limezidi urefu na linaziba koo, na tundu za pua ni kama mpasuo wa kisu. Kwa hiyo akipata joto anahema zaidi, akihema koo linavimba, likivimba hewa inapungua, joto linapanda tena. Hapo ndipo alipofika mbwa wa Mbezi.

Watu wananiambia, "dokta, huyu anakoroma tu, ndivyo walivyo." Kukoroma kwake ni hewa inayotafuta njia. Chuo cha udaktari wa wanyama cha London, Royal Veterinary College, kilitoa utafiti 2022: uwezekano wa pagi kukutwa na tatizo hilo la njia ya hewa ni kama mara 54 ukimlinganisha na mbwa wengine. Mwaka huohuo hesabu za Uingereza zikampa miaka 7.65 ya kuishi, mbwa kwa ujumla 11.23. Wengine tunawafanyia upasuaji wa kupanua pua na kupunguza kaakaa. Fikiria mnyama anayehitaji kisu ili avute pumzi!

Macho nayo hayana tundu la kutosha kuyashika. Vumbi, mwiba, kucha ya paka, kidonda kimeingia. Ukiona jicho limefumba nusu, usingoje kesho.

Mama Karanga
Hiyo 7.65 nina shaka nayo, dokta. Pagi walikuja kuwa fasheni miaka ya karibuni, maana yake wengi walikuwa bado vijana. Ukihesabu waliokufa tu, wazee watatoka wapi?

Daktari wa Mifugo, Arusha
Hoja nzuri, na inaweza kuwa imeishusha namba. Ya mara 54 je?

Mkazi wa Rotterdam
Niko huku Uholanzi, nawapa picha kamili. Sheria ilizuia kuzalisha, haikuzuia kufuga. Bado nakutana na pagi barabarani. Anayemtaka anavuka mpaka kununua, na huyo aliyeletwa kwa gari hujui hata mama yake. Marufuku peke yake huwa inahamisha biashara. Wajerumani wengine waliamua kuchanganya pagi na terrier, aina ya mbwa wadogo wenye pua ndefu, ili pua irudi. Na kweli ilikuwepo: mchoraji William Hogarth alijichora na pagi wake mwaka 1745, mbwa ana pua ya kueleweka kabisa.

Mwanzisha mada
Basi nalegeza kidogo. Kama si marufuku, anayeuza aoneshe wazazi wa mbwa.

Daktari wa Mifugo, Arusha
Awaoneshe wakikimbia. Kuna kipimo cha Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza: mbwa anakimbizwa mchakamchaka dakika tatu, anasikilizwa koo kabla na baada. Anayekoroma kwa sauti au kukaa chini hafai kuzaa.

Mama Karanga
Nimerudi. Jioni hii jua limeshazama nimemkimbiza Karanga, simu mkononi nahesabu. Dakika ya pili, mbele ya banda la mkaa, akakaa. Sijabadili msimamo kuhusu marufuku. Dokta, huku Dar nimpeleke kwa nani amwangalie hilo kaakaa?