Vichupa vya asidi ya kupimia dawa: naweza kupanda navyo ndege kwenda Kalemie?

DadaFamasia_Lshi:
Bayaya, hamjambo. Ninafanya kazi kwenye famasia ya dispansari hapa Lubumbashi. Tuna sanduku la GPHF-Minilab, lile la Wajerumani la kupimia kama kidonge ni dawa au ni chokaa. Wenzetu wa Kalemie wameniita. Wameuziwa katoni tatu za dawa ya malaria kwa bei ya chini mno, maandishi ya kwenye pakiti yana herufi zilizokosewa, na watoto wawili waliomaliza dozi wamerudi na homa ileile. Wamesimamisha kuzigawa, lakini akiba ya zamani inakwisha. Tiketi ninayo, naruka wiki ijayo.

Shida yangu ni kemikali: methanoli, asetoni, toluini, amonia, asidi haidrokloriki na asidi ya salfyuriki kidogo. Nimezigawa kwenye vichupa vya mililita 50 nikifuata ile kanuni ya mililita 100. Lakini jana tone moja la salfyuriki liliangukia kitambaa cha meza. Asubuhi nimekuta tundu la upana wa kucha, kingo zake nyeusi kama zilizochomwa na sigara. Tangu hapo mume wangu hataki hata kuliona begi. Niweke kwenye mkoba wa mkononi au kwenye valizi? Na nikiulizwa pale uwanja wa ndege wa Luano niseme nini?

MtotoWaKamalondo:
Dada, usiogope. Zungushia skochi, ule utepe wa gundi, kila kichupa, ingiza ndani ya soksi, zika katikati ya nguo. Nilipeleka asidi ya betri Mbuji-Mayi namna hiyo, hakuna aliyefungua valizi. Ukianza kuulizauliza ndipo watakapokutoza.

FretiLuano:
Ndugu wa Kamalondo, nakuomba sana usimpe mtu ushauri huo. Nimepakia mizigo ya ndege kwa miaka mingi.

Dada, kanuni ya mililita 100 ni ya maji, mafuta na manukato yanayopita ukaguzi wa abiria. Haigeuzi asidi kuwa manukato. Salfyuriki kali ina namba yake ya Umoja wa Mataifa inayotumika duniani kote, UN 1830, daraja la 8, vitu vinavyobabua. Methanoli ni UN 1230 na asetoni ni UN 1090, zote daraja la 3, vinavyowaka, na methanoli ni sumu juu yake. Hivyo havipandi na abiria, si mkononi, si kwenye valizi, hata kama ni mililita 5. Ndege ya ndani ya nchi nayo ni ndege.

Sababu yake ni hii. Ndege ikipanda, hewa ya ndani inapungua hadi kufanana na ya mlima wa mita 2,000 na zaidi. Hewa iliyobaki kwenye kichupa inasukuma kifuniko, na valizi lenyewe limelazwa ubavu chini ya mengine ishirini. Skochi inalegea. Soksi ya pamba ndiyo chakula cha salfyuriki, umeona mwenyewe kwenye kitambaa chako. Tarehe 3 Novemba 1973 Boeing 707 ya mizigo ya Pan Am ilitoka New York ikiwa na asidi ya nitriki iliyofungashwa vibaya, vyupa vimezungushiwa maranda ya mbao. Asidi ikavuja, moshi ukajaa hadi kwa marubani, ndege ikaanguka ilipojaribu kutua Boston. Wote watatu waliokuwa ndani walikufa. Hiyo haikuwa na abiria. Ya kwako inao.

Njia halali ni freti, yaani kuituma kama mzigo wa ndege. Mtu aliyesomea mizigo ya hatari anafungasha, anabandika lebo, anajaza hati ya mtumaji, na kampuni inakubali au inakataa. Kuna hata namba ya masanduku ya vipimo yenye kemikali kidogo kidogo, UN 3316, daraja la 9, lakini nalo linatangazwa. Kwa wiki moja sidhani utawahi.

MzeeWaVidonge:
Binti yangu, kwa nini upeleke asidi kwa vidonge? Leta vidonge kwa asidi.

Kidonge ni mzigo wa amani. Wenzako wa Kalemie wachukue pakiti kadhaa ambazo hazijafunguliwa kutoka kila namba ya toleo, yaani kila kundi lililotengenezwa pamoja, waandike tarehe ya kuisha, aliyewauzia na siku, waziweke mbali na jua, kisha mtu azibebe mkononi pamoja na barua ya dispansari. Wewe unapima hapo ulipo, kemikali zikiwa kwenye kabati lake.

Kama tiketi imeshalipwa, nenda, lakini nenda na vitu vikavu: kipimajoto, lenzi ya kukuza na pakiti halisi ya kulinganisha. Tia vidonge sita kwenye maji ya nyuzi 37, tikisa kila baada ya muda. Kidonge cha kawaida kinatakiwa kimomonyoke ndani ya dakika 30. Kikibaki kigumu kama kokoto, una neno la kuanzia. Kikimomonyoka, usiseme ni kizuri, maana hata chokaa humomonyoka. Mwaka 2015 kule kaskazini-mashariki mwa nchi yetu watu walikunjwa shingo na nyuso kwa vidonge vilivyoandikwa diazepam, dawa ya kutuliza, kumbe ndani ni haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Jicho lisingeweza kujua, wala maji.

Na majibu yako yakitoka mabaya, mjulishe mkaguzi wa dawa wa mkoa kabla ya kumjulisha muuzaji.

ShoferiKolwezi:
Naombeni niulize hapahapa. Vile vipande vya kupima mkojo wa madereva migodini, bangi na kadhalika, navyo vimekatazwa?

FretiLuano:
Hapana. Vile vya kuchovya ni karatasi kavu, beba. Vilivyokatazwa ni vile vichupa vya kudondoshea juu ya unga unaoshukiwa kuwa madawa ya kulevya. Vingi vina salfyuriki, vingine vimechanganywa na fomalini.

DadaFamasia_Lshi:
Asanteni mno. Nimeongea na Kalemie mchana huu. Sista mmoja anashuka Lubumbashi Jumamosi, atabeba pakiti nne za kila toleo. Mimi nimesogeza tiketi mbele, nitapanda na majibu pamoja na katoni mbili za dawa kutoka akiba yetu, ili watoto wasikose dozi wakati tunasubiri. Sasa hivi vichupa nilivyojaza nivirudishe kwenye chupa kubwa?

MzeeWaVidonge:
Usirudishe, utaichafua chupa nzima. Andika jina na tarehe kwenye kila kimoja, vitumie kwanza siku ya kupima. Amonia ikae mbali na asidi, asetoni na methanoli mbali na jiko. Na salfyuriki isikae kwenye kichupa chenye kifuniko cha bati, ihamishie kwenye kioo leo kabla hujalala. Vaa glavu na miwani.

DadaFamasia_Lshi:
Vifuniko viwili ni vya bati. Naenda sasa hivi.